Mama Yake Alivyomtetea Mahakamani

Uko wapi wewe? Ndiyo natoka mahakamani na dada.

Yule mume wake wa zamani kaomba hela ya matunzo ya mtoto ipunguzwe. Eti biashara imekufa, analishwa na mama yake. Kavaa shati limetoboka kwapani! Mimi mzee wa vituko, lakini nikaona aibu.

Halafu akasema, "Mheshimiwa, mtoto mwenyewe mdogo, kwani anakula nini?"

ANAKULA NINI. Mtoto wake wa kumzaa!

Hata mimi niliyekimbia chuo mwaka wa pili najua hakimu hapunguzi mpaka uthibitishe kipato kimeshuka. Jamaa akamleta shahidi. Mama yake!

Hakimu akamuuliza, "Mama, ni kweli mwanao hana kitu, unamlisha wewe?"

Bibi akawaka. "Nani hana kitu? Mwanangu? Ana maduka mawili ya vipuri, la pili kafungua juzi! Yeye ndiye anayenilisha mimi!"

Nikajiuma ulimi nisicheke.

Ombi likatupwa. Tena kaambiwa alete hesabu za maduka yote mawili, huenda hela ikapanda.

Unajua alichofanya? Kaingia kwenye gari kaondoka. Mama yake kamwacha kwenye benchi. Mama yake!

Bibi akamshika dada mkono. "Mkwe wangu, aliniambia nije nimtetee. Nimemtetea vizuri?"

Dada akasema, "Vizuri sana, mama. Twende tukupeleke nyumbani."

Mimi na vituko vyangu vyote, nikabeba mkoba wa bibi.