Ulivyouza Ulimi wa Mama

Kwa kaka yangu Wafula,

Sikuulizi habari. Habari zako tunaziona kila Jumapili jioni kwenye runinga, jina lako likipita pale mwisho kwa herufi kubwa. Langu pia liko, dogo, na ningekuwa na uwezo ningelikwangua kwa kucha.

Kumbuka tulikoanzia. Juu ya paa la ploti yetu Kariobangi, katikati ya kamba za nguo, wewe umekalia mtungi mtupu, mimi nimesimama. Mama ndiye alikuwa keateka, mwangalizi wa ploti, na bomba lilikuwa moja kwa wapangaji wote. Ukasema, "Siste, hii ploti ni kipindi cha TV!" Tukakaa huko wiki baada ya wiki tukibishana. Kila hadithi ianze bomba likiwa kavu, iishe maji yakirudi. Na katikati awe mama na sheria yake ya foleni: kwanza mgonjwa, halafu mwenye mtoto mchanga, na waliogombana wachote mwisho, tena pamoja, mmoja akimshikia mwenzake mtungi. Ulicheka ukasema hakuna mwandishi angebuni hiyo. Hata jina la kipindi tulilitoa kinywani mwake, vile alivyokuwa akiita kwenye ngazi: "Maji imerudi!" Nilikupenda sana siku zile, bana.

Halafu tukaitwa Westlands, kwenye ofisi ya wale watengenezaji wa vipindi. Nikaeleza ile sheria ya foleni. Bosi akapiga miayo. "Wazo ni poa," akasema, "lakini kicheko kiko wapi?" Nikaanza kutafuta hadithi ya pili ili nimjibu. Wewe ukasimama. Ukashika kiuno, ukatoa shingo mbele, ukasema, "Pwana asifiwe, wapangachi! Nani amewacha pomba wazi?"

Walicheka! Yule bosi alifuta machozi kwa tai yake. "Huyo! Huyo mama ndiye tunamtaka!" Nawe ukamwongezea, "tata," "papa," "kari," mpaka meza ikapigwa makofi. Hakuna aliyeuliza tena kuhusu foleni. Kwenye ngazi ukanishika mabega: "Tumepita!" Nikakuambia, Wafula, yule ni mama. "Aah, ni kushrabu tu, ile lafudhi ya nyumbani. Kila mtu hucheka mtu akishrabu."

Kila mtu? Mimi nilikuwa sijawahi kuisikia hiyo "p." Nilikuwa namsikia mama. Ulimi huo ndio uliomwomba mwalimu mkuu akurudishe darasani ulipofukuzwa, na siku hiyo hukucheka, ulijificha nyuma ya leso yake ukilia. Wanasema mcheza kwao hutunzwa. Wewe hukucheza kwenu, ulimchezea mama.

Siku ya kipindi cha kwanza hukuja. Ati una mkutano. Basi nikueleze. Mama alikuwa amewaalika wapangaji na wamama wa kanisa, akapika chai na mandazi, akavaa kile kitenge cha harusi yako. Mwigizaji akaingia ameshika kiuno: "Pwana asifiwe!" Watoto wakaangua kicheko. Wamama nao wakacheka, huku wakimtazama mama kwa pembe ya jicho. Mama akacheka pia, amechelewa kidogo. Baadaye tukiosha vikombe akaniuliza, "Kwani mimi huongea hivyo?"

Sasa watoto wa ploti wanamsalimia "Pwana asifiwe" halafu wanatoroka. Jumapili iliyopita aliitwa atoe matangazo ya wamama, kazi aliyoifanya tangu tukiwa wadogo. Alitikisa kichwa, akabaki ameketi. Na wewe ukimpigia simu unasikia "sawa" na "haya," unadhani amechoka. Hajachoka! Anachagua maneno yasiyo na "b," asije akatiwa kwenye kipindi.

Kinachonikereketa zaidi ni hiki: hajui. Anadhani ni yule mwigizaji aliyemdharau. Bado anakuombea kwa jina asubuhi na jioni, akimshukuru Mungu kwa kazi yako. Wakubwa wako wameniita tuandike msimu wa pili na nimekataa. Usinitumie ujumbe wa kunibembeleza, wala usimtumie yeye zawadi. Njoo nyumbani, ukae mbele yake, umwambie kwa kinywa chako kwamba ni mwanawe aliyesimama mbele ya wageni akamwigiza. Mimi sitakusaidia kulisema.

Jana nilimkuta kwenye beseni akifua, midomo ameibana hadi imepauka. "Pwana," akasema polepole. Akatikisa kichwa. "Pwana." Akainua macho akaniona, wala hakuona haya.

"Hiyo sasa imetoka?"

Haikuwa imetoka, Wafula. Nikamwambia imetoka.

Lala salama ukiweza.

Dada yako mdogo