Mfalme Tusiyemgongea Meza

Baba yangu,

Ko! Kifundo cha kidole chako kwenye meza ya chakula, nyumbani Korogwe. Mlio huo ninao mpaka hapa Doha. Ulikuwa ukitusimulia historia kama ulivyowafundisha wanafunzi wako, na kila utawala ulipoanguka uligonga meza. Mfalme wa Hispania akaikimbia nchi: ko! Jamhuri ikateketea vitani: ko! Dikteta, baada ya karibu miaka arobaini, akafia kitandani: ko! Mdogo wangu Salim akadakia, "Na huyu mfalme mpya, Baba, anaanguka lini?" Mkono wako ukabaki hewani. "Huyu aliachiwa nchi nzima na dikteta, naye akawaachia watu wapige kura. Huyu hatumgongei."

Halafu wewe mwenyewe, wiki yako ya mwisho duniani, mbele ya Mama na wadogo zangu: "Neno la mwisho ni la Zuhura. Na nyumba hii isiachwe tupu."

Nikalibeba neno hilo hadi huku Doha, mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, ghorofa ya nne, na kwa miaka miwili nimetawala kwa simu. Mama, aliyebaki peke yake Korogwe, akiomba kuhamia kwa mdogo wangu Mwanaidi, Morogoro, nakataa. Naandika "Baba alisema," na mjadala kwenye kundi la familia unaishia hapo.

Mwezi uliopita Mama alianguka bafuni. Alilala sakafuni tangu alfajiri hadi saa nne, muuza maziwa alipomsikia. Nilipompigia alicheka kicheko kikavu. "Haya, mtukufu wa Doha, unaniruhusu kwenda hospitali, au tusubiri tamko?"

Siku hiyo ofisini nilikosea kila nilichoandika. Nilikuwa nimekuogopa wewe, Baba, kuliko nilivyoogopa kumpoteza yeye. Hata sasa nakuogopa.

Ijumaa niliwaita wote kwenye simu. Nikawaambia tuamue kama Mama ahamie Morogoro: kila mtu ana kura moja, na yangu haina uzito zaidi.

"Na ukishindwa, dada?" Salim akauliza.

"Nitashindwa."

Nilipiga kura nyumba isiachwe, kwa sababu nilikuahidi. Wao watatu, mimi mmoja.

Pumzika, Baba. Ukikasirika, nikasirikie mimi peke yangu. Jumapili Salim alifunga mlango wa nyumba yako, akanitumia picha ya kufuli. Mama yuko Morogoro.

Mimi,
kifungua mimba wako