Saini ya Kiptum

Jumatatu, 2 Machi 1998

Nimetuma! Barua tano kwa mawakala watano wa vitabu, wote wa London. Majina nimeyatoa kwenye kitabu cha maktaba ya hapa Kericho — cha mwaka 1981, lakini hata mimi ni wa zamani. Wakala kazi yake ni kukusemea kwa mchapishaji. Nikajiambia, kumbe ni esigani! Kwetu Kisii esigani ndiye mtu wa kati katika posa, naye sharti aseme yote: kama binti ana kifafa, kama kwao kuna wachawi. Akificha, lawama ni yake milele. Basi nami nimemwaga yote. Kwamba nina miaka sitini na minane na ndicho kitabu changu cha kwanza. Kwamba sura ya nne inachosha. Kwamba mvua inanyesha mara kumi na nne — nimehesabu.

Sellah, binti yangu, alisoma nakala, akaweka chini sweta aliyokuwa akifuma. "Tata, hii ni barua ya kuomba ama ya kutubu?"

Jumamosi, 7 Machi

Aibu. Bahasha za kujibiwa nilizotia ndani nimezibandika stempu za Kenya. Zote tano! Karani wa posta alicheka hadi akavua miwani. "Mzee," akasema, "huko hizo ni picha tu." Miaka ishirini na minane nilikuwa karani wa mizani kwenye kituo cha majani chai, nikiwarudishia akina mama majani magumu na kuwahubiria umakini. Mungu hasahau.

Jumatano, 8 Aprili

Barua moja imerudi. Juu imeandikwa: amehama, hajulikani aliko. Kumbe hata mawakala hufurushwa! Nilimwonea huruma.

Alhamisi, 30 Aprili

Kimya. Mvua. (Ya kumi na tano.)

Ijumaa, 22 Mei

Jibu! Ni mama mmoja, na stempu amenunua mwenyewe. Anasema kwa miaka yote ya kazi hajaona mtu akikisema vibaya kitabu chake mwenyewe, ndiyo maana alisoma zile kurasa chache nilizotia pamoja na barua. Anataka kitabu kizima! Nilizunguka soko mara mbili bila kununua kitu.

Kisha nikafika aya ya mwisho, ambapo furaha iliniruka. Kwa kuwa nimesema mambo ni ya kweli na majina ni ya kweli, anataka ruhusa kwanza. Hasa ya Kiptum. Kwa maandishi, na saini.

Jumapili, 24 Mei

Sikusikia mahubiri hata neno.

Kiptum, Mkipsigis, alikuwa jirani yangu Fort Ternan, ua wetu mmoja. Mwaka wa tisini na mbili, katika ghasia za makabila, nyumba zetu sisi Wakisii zilipochomwa, alituficha ghalani mwake, mimi na Sellah, siku mbili nyuma ya magunia ya mahindi. Hilo limo katika sura ya tisa, na ni sifa yake. Lakini limo pia nililoona kupitia upenyo wa ghala: aliyetia nyumba yangu kiberiti ni Johana, mdogo wake Kiptum. Sijui kama Kiptum anajua. Sijawahi kumwambia mtu ila Sellah na karatasi.

Sellah anasema, Tata, kitabuni mwite Petro, yaishe. Lakini Johana ana mguu mmoja mfupi, na kule hakuna Petro wa hivyo; watamtambua tu. Nikimnyoosha mguu, nikambadilishia mke, nikamtoa kanisani — nyumba yangu itakuwa imejichoma yenyewe.

Na la kuchekesha zaidi: kurasa mia tatu nimemwandikia mgeni wa London. Kiptum, miaka sita, hata kadi ya Krismasi sikumtumia. Mwandishi!

Jumamosi, 30 Mei, Fort Ternan

Naandika nimekalia debe uani kwa Kiptum. Kusoma kumesimama, ng'ombe wanakamuliwa.

Alinipokea kama niliyeondoka jana. "Karani! Ulienda kupima majani ya wapi wakati huu wote?" Nilikuwa nimekariri hotuba ya shukrani. Nikatoa habari za mvua. Mursik, maziwa yao ya kibuyu, ikaletwa, na binti yake Chepkirui, mwalimu, akawa anasoma Kiingereza changu na kukigeuza Kikipsigis. Kwa lugha yao kitabu ni kizuri zaidi. Kiptum alimkatiza kila ukurasa. Ng'ombe wake walikuwa saba, si wanne — "Umenifanya maskini mbele ya Wazungu!" Kusoma kulipofika pale ghalani: "Andika pia kwamba ulikoroma. Nilikesha nje nikikohoa, wasikusikie."

Hilo sikulijua.

Akataka kalamu, atie saini papo hapo. Nikasema, boiyot, mzee mwenzangu, sikiliza kwanza hadi mwisho. Umebaki ukurasa mmoja tu. Ndipo Johana akaingia na ndoo. Kiptum akauliza: naye yumo? Nikasema yumo. Johana akavua kofia, amefurahi! Chepkirui alikuwa ametanguliza macho hadi mwisho wa ukurasa. Akasema tukamue kwanza.

Johana yuko pale, amechuchumaa, mguu ule ameunyoosha kando. Ananiuliza kwa sauti kama nimemwandika kijana au mzee. Nimesema kijana. Anamrudia kaka yake neno hilo, wanacheka.

Ndoo imejaa. Chepkirui ameshika karatasi mlangoni. Haangalii karatasi, ananiangalia mimi.