Bwawa Tulilolisugua Wenyewe

Jumamosi, Jeddah. Joto la unyevunyevu, lile la kukufanya utoke bafuni na dakika mbili baadaye umelowa tena.

Naandika hapa chumba cha kufulia, nimekalia ndoo niliyoigeuza. Mgongo unauma. Magoti yamechubuka. Na nina furaha ambayo sijaisikia tangu familia ninayoifanyia kazi inihamishe kutoka Al-Malqa kule Riyadh.

Jana nilikuwa na siku ya mapumziko, ya kwanza tangu korona ifunge milango. Madam alikuwa akiogopa nikitoka nitarudi na ugonjwa, na sikumlaumu, nyumbani kuna mtoto mchanga. Lakini sasa nimechanjwa, simu yangu inaonyesha ile rangi ya kijani ya waliochanjwa, basi akasema nenda, urudi kabla ya magharibi.

Mpango ulikuwa wangu. Rafiki yetu Mwanaidi anarudi Kwale Jumatatu. Amemaliza mkataba, halas. Miaka mitano amefanya kazi katika nyumba moja ya mtaa wa Al-Hamra, hapa Jeddah, yenye bwawa la kuogelea, na kila alasiri kazi yake ilikuwa kusimama kando ya maji na taulo mkononi, akichunga watoto wa bosi wasizame. Huyu ni mtu aliyejua kuogelea kabla ya kujua kusoma. Miaka mitano, na maji hayajawahi kumpita vifundo vya miguu.

Kwa hiyo nikasema tutakodi istiraha, hizi nyumba za mapumziko zenye ukuta mrefu, ua na bwawa, unalipa kwa siku. Nikapata tangazo kwenye simu, picha ya bwawa ni buluu ya kung'aa. Tulikuwa watano: mimi, Mwanaidi, Wanjiru ambaye Kiarabu chake kinatushinda sote, na dada wawili wa huku kwetu Al-Rawdah. Kila mtu alitoa alichokuwa nacho. Nikalipa.

Sikusoma maandishi madogo chini ya tangazo.

Mtunzaji wa pale ni mzee Msudani, kwa heshima tulimwita ammi Idris. Alitupima joto kwenye paji la uso, akakagua simu zetu moja moja, akahesabu vichwa. Wenzangu wakapita ndani na sufuria zao. Mimi akaniita pembeni akiwa na karatasi. Akanieleza kwamba kwa sababu ya korona, bei niliyolipa ni ya nyumba na ua tu. Jiko la kuchomea nyama lina malipo yake. Bembea zina malipo yake, na sisi hata watoto hatukuwa nao. Viti vya nje pia. Na bwawa ni riyali mia mbili juu, za kulisafisha na kulitia dawa kabla na baada ya kila kundi.

Mfukoni nilikuwa na nauli ya teksi ya kuturudisha tu.

Hapo ndipo nilipofanya jambo la aibu. Niliingia jikoni nikawaambia bwawa limefungwa, sheria za korona, kuogelea mafi, hakuna. Nilisema kama mtu mwenye uhakika. Wanjiru akasikitika kidogo akaendelea kukata vitunguu. Mwanaidi alienda dirishani akasimama akiangalia maji. Kisha akarudi, akaniambia nisijali, pilau itatosha.

Pilau itatosha! Afadhali angenitukana.

Uongo wangu ulidumu mpaka mchele ulipoanza kuchemka. Ammi Idris akabisha hodi, akamuuliza Wanjiru kama tumeamua kuhusu bwawa, maana anataka kujua kama azime pampu. Wanjiru akanigeukia taratibu, kisu bado mkononi. Wote wakanigeukia.

Nikasema ukweli. Kwamba niliona haya kuwarudia na ombi la pesa watu waliokwisha kutoa walichonacho, na niliona haya zaidi kwamba sikusoma.

Nilijiandaa kwa hasira. Mwanaidi akauliza tu, "Hizo mia mbili ni za nini hasa?"

"Za kusafisha. Na dawa."

"Kusafisha," akarudia. Halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa sakafuni. "Sasa humu ndani ni nani asiyejua kusafisha?"

Wanjiru akatoka kwenda kuongea. Alimwambia mzee kwamba hapa kuna wanawake watano ambao kazi yao ya kila siku ndiyo hiyo anayotaka kuwatoza. Tutasugua kabla na tutasugua baada. Yeye asimame aangalie, akiona kasoro tulipe. Ammi Idris akasema bei si yake, akampigia mwenye nyumba. Tulisikia sauti kwenye simu ikipanda, kisha ikacheka. Jibu likaja: dawa tulipie riyali thelathini, kazi tufanye wenyewe. Viti vya nje, hapana. Thelathini hizo tulizikwangua mikobani.

Yalla. Tukakunja nguo.

Basi siku yangu ya mapumziko, niliyoingoja miezi mingi hivyo, niliitumia nikiwa nimepiga magoti, brashi mkononi. Nilidhani nitasikia uchungu. Badala yake nilijikuta nasugua pembe ambazo hakuna mtu angeziangalia. Hakuna aliyenisimamia isipokuwa ammi Idris, naye alikuwa anakula pilau yetu. Alipomaliza sahani alipitisha kidole kwenye ukingo, akakitazama, akasema hata kampuni inayokuja kila wiki haijawahi kufika hapo. Akauliza kama tuna nafasi Ijumaa ijayo. Wanjiru akamtajia bei. Mzee akaenda kujiongezea pilau.

Tukatia dawa, tukangoja kama alivyotuelekeza. Kisha Mwanaidi akaingia na dera lake lote.

Alizama. Alikaa chini muda mrefu mpaka nikasimama. Akaibuka upande wa pili bila kilemba, akilalamika kwamba maji hayana chumvi.

Alasiri akaniita. Mimi ni wa Nyahururu, maji mengi ninayoyajua ni yale ya maporomoko, yanayoanguka kutoka juu, ya kutazamwa kwa mbali. Niliingia nikishika ukuta. Akaweka mikono chini ya mgongo wangu, akaniambia nilale.

"Legeza shingo. Ulinidanganya, lakini nimekushika."

Masikio yakajaa maji. Sikusikia mtoto, kengele, wala jina langu likiitwa kutoka ghorofani. Juu kulikuwa na anga tu, nyeupe kwa joto. Sijui aliondoa mikono saa ngapi.

Leo asubuhi madam aliniuliza nilipumzika wapi. Nikamwambia nilisafisha bwawa. Akanihurumia kwa dhati, akasema mara nyingine nijaribu kustarehe. Ningemweleza nini?

Ndege ya Mwanaidi ni Jumatatu asubuhi, na bado sijaomba ruhusa ya kumsindikiza. Naenda kuiomba mchana huu. Sitatunga kisingizio cha daktari wala cha barua ya ubalozi. Nitasema rafiki yangu anaondoka, na nataka kuwa pale akigeuka kupunga mkono.