Msikilizaji Asiyezima Redio

Hancock, Michigan
9 Machi

Kwa dada yangu mpendwa Irja,

Natumai barua hii itakukuta mzima, goti limetulia, na jua la Ajo halijakukausha kama samaki wa kuanikwa. Sisi huku hatujambo. Theluji imefika dirishani, mgongo unanikumbusha umri kila nikishika koleo, na wifi yako Lempi anakusalimu sana. Ndiye aliyeniambia nikuandikie kwa mkono, maana kwenye simu huwa unanikata maneno kabla sijafika kwenye jambo lenyewe.

Jambo lenyewe ni redio yangu. Unajua kwamba huu ni mwaka wa tisa narusha mtandaoni muziki wa kodiani wa wazee wetu wa Kifini, kutoka kile chumba cha kuvulia nguo kando ya sauna yetu ya mvuke. Asubuhi nakuwepo mwenyewe na kahawa yangu. Nikiondoka, nyimbo zinajiendea zenyewe. Sasa ile kampuni ndogo iliyokuwa ikitubebea redio imenunuliwa na kampuni kubwa, na hao wakubwa wakaniletea mkataba: biashara zitangazwe kila dakika kumi, na nyimbo zichaguliwe na mashine yao, ambayo eti inajua watu wanapenda nini. Asiyesaini kufikia mwisho wa Machi atazimwa.

Aliyenipigia ni Bi Marisela Quintanilla, mwenye sauti ya mtu anayelipwa kutabasamu. Nilimjibu kwa kiburi. Nikamwambia kwamba kwenye skrini yangu naona idadi ya wasikilizaji, na mmoja wao hajazima redio kwa miaka sita, usiku wala mchana. Sitamkatiza mtu kama huyo kwa habari za magodoro. Kweli, dada, nilimheshimu. Kila asubuhi nilianza na yeye: “Habari za asubuhi, rafiki yetu usiyezima.” Jirani yetu Reino alishikilia kwamba ni mjane wa Thunder Bay aliyenipenda kwa sauti. Lempi akasema kama ni mjane, basi alishakufa kitini, watu waende wakamtazame.

Bi Marisela akasema atanitumia orodha ya wasikilizaji wangu wote, mahali walipo, na siku na saa walizosikiliza. Ilipokuja niliisoma nimevaa miwani, nikaisoma tena nimevua. Msikilizaji asiyezima anaishi Hancock. Anaishi kwangu. Anatumia laini ileile ninayorushia.

Nikueleze, ucheke. Mtu anayerusha redio peke yake huweka kompyuta ya pili ya kujisikilizia, ajue sauti ikikatika. Yangu niliiweka stoo, nyuma ya ndoo za rangi. Lempi alichoka na kelele, akaishusha sauti mpaka mwisho, nami nikasahau kwamba ipo. Miaka sita nimejiamkia mwenyewe kila asubuhi, kwa heshima zote! Lempi alicheka hadi akakaa sakafuni. “Arvo wee, mjane wako nimemwona, kajaa vumbi! Nenda kampose!”

Nilicheka naye. Lakini kuna nililomficha, na nakuungamia wewe kwanza. Jioni ile nilichukua mkataba nikakaa nao mezani, nikaandika “Arvo”. Sikuwa na hasira, ilikuwa aibu tupu. Nilijiambia, kama miaka yote nimekuwa nikiipigia kompyuta, basi mashine iipigie mashine mwenzake, mimi ninywe kahawa kwa amani. “Lahtela” ilikuwa bado. Nikaivuta ile orodha ninakili namba ya redio, na jicho likashukia mstari wa pili.

Ajo, Arizona. Kila asubuhi, miaka tisa, toka wimbo wa kwanza hadi wa mwisho. Nikaitafuta siku mliyomzika shemeji Walt, siku dhoruba iliponizuia kuja, nikampigia ule wimbo wa dansi ya waltz aliokuwa akikukanyagia vidole, nikiamini kwamba husikii. Ulikuwepo, Irja. Ulifungua saa nzima kabla.

Na wewe ndiye unayeniambia kila Krismasi kwamba hujui hata redio hiyo inafunguliwa wapi, na kwamba kodiani ni mnyama wa kuchinjwa! Mwongo mkubwa wee. Nililia kama mtoto, mbele ya mkate wa iliki.

Sikuandika “Lahtela”. Nilimpigia Bi Marisela kumwarifu. Akashusha sauti, akaniuliza nitapatikana wapi baada ya Machi, maana bibi yake alipiga kodiani kule Texas. Ushirika wa simu wa hapa umetupa kona kwenye mitambo yao. Haibebi wasikilizaji zaidi ya hamsini kwa wakati mmoja. Reino anasema nafasi zitabaki hata za kulalia. Tutaanza Jumatatu ya kwanza ya Aprili, saa mbili asubuhi ya huku, na Lempi amekuandikia anwani mpya nyuma ya karatasi hii kwa herufi kubwa.

Asante, dada yangu. Ningekuwa na neno kubwa kuliko hilo ningeliweka hapa. Wasalimie majirani, na usipande ngazi kusafisha paa. Barua hii huna haja ya kuijibu: Jumatatu hiyo nitaitazama orodha, nijue umeipata.

Ni mimi mdogo wako,
Arvo