Kwa Mama, Kuhusu Koti la Buluu

Mwaka umetimia, Mama, tangu uvue miwani, uiweke juu ya lile koti la buluu na kusema, "Ngoja ninyooshe mgongo kidogo, nakuja." Ilikuwa saa tisa mchana. Baba alikuwa jikoni anakuchemshia chai. Alipokuletea hukuamka kuinywa.

Hatukujua kuwa mtu anaweza kuondoka kwa maneno madogo hivyo. Tungejua, tungekuuliza mambo mengi, na la kwanza lingekuwa la mkono wa koti. Tutafika huko. Anayeandika ni mimi, kitinda mimba wako. Dada ndiye mkubwa na ndiye mwenye mwandiko mzuri, ila amekataa kushika kalamu. "Andika wewe," amesema, "mimi nitakaa hapa nihakikishe husemi uongo." Basi amekaa upande wa pili wa meza yako, na kila nikisita ananikazia macho.

Tuanze na mazuri, maana ni mengi.

Ulibuni na kushona nguo za wanasesere kwa miaka thelathini na minne. Tukiwaambia wageni hivyo wanacheka, kisha wanaona kabati la nguo hizo sebuleni, wanasogea karibu. Ulianzia kwenye karakana ya sare za shule, ukishona vifungo tu, kutwa nzima. Siku moja ukaokota vipande chini ya meza ya kukatia, ukamshonea mwanasesere wa Dada gauni la jioni lenye mikunjo mgongoni, kwa sababu Dada alikuwa na surua na ulitaka anyamaze. Hakunyamaza. Akataka na viatu! Mwenye duka la vitu vya watoto akaliona lile gauni, akaomba la dirishani kwake, na mambo yakaanzia hapo. Ulipoacha kazi karakana majirani walisema umechanganyikiwa. Mtu mzima na akili zake anaacha sare, anashonea midoli?

Watoto waliyachakaza magauni yako, na ulifurahi wakiyachakaza. Lakini watoto hukua, na wengine wakikua hawaachi. Hao ndio waliorudi kwako wakiwa na mvi, wamebeba wanasesere wao kwenye makopo ya biskuti. Ukawashonea suti za ofisini, makoti ya mvua, magauni ya harusi yenye vifungo vidogo kama punje za ulezi. Wakaja wenzao, na barua zikaanza kufika kutoka nchi ambazo Baba ilimbidi azitafute kwenye ramani. Baba, fundi bomba mwenye vidole kama ndizi, akawa anakukunjia waya kutengeneza vitundikio vya nguo vya urefu wa kiberiti. Wenzake kazini wakamwita Fundi Bomba wa Midoli. Aliitika.

Mtoto wa jirani alipounguza nywele za mwanasesere wake kwenye jiko, akaja analia, ulimshonea kofia yule mwanasesere bila kuuliza nani aliyechezea moto. Ndivyo ulivyokuwa kwetu pia. Kofia kwanza, maswali baadaye, na mara nyingi maswali yenyewe hayakuja.

Hukuwa na futi wala karatasi za kukatia. Vipimo vyako vilikuwa mkononi mwako. Kiuno ni pingili ya kidole gumba, urefu wa koti ni kiganja bila vidole. Tulipokuuliza umeviandika wapi ulitufungulia kiganja, ukacheka. Na hukutumia pasi, ila mgongo wa kijiko kilichochovywa kwenye maji ya moto, tena mwisho kabisa. "Nguo ambayo haijaisha haipigwi pasi," ulikuwa ukisema. "Inasahau." Hakuna aliyekuuliza inasahau nini. Tulidhani ni maneno tu ya mtu mwenye pini midomoni.

Halafu kuna Mwalimu. Msomaji asiyemjua aelewe kuwa huyu ni mama mmoja aliyefundisha hesabu mpaka akastaafu, na ndiye mkusanyaji wa kwanza wa kazi zako na mwenyekiti wa chama cha wakusanyaji. Sisi sote tulijifunza kumwogopa. Akiingia hapa, kabla hata ya salamu, anageuza nguo ndani nje na kutoa kioo cha kukuzia. "Nje kila mtu anajua kudanganya," alisema. "Fundi anajulikana ndani." Na kilichowatia wazimu yeye na wenzake ni mikono ya makoti yako. Ilikaa begani bila mshono kuonekana, si nje, si ndani. Wengine walisema unashona mkono kabla ya kutia bitana ya ndani, wengine baada. Mmoja alisema unatumia gundi, akatolewa mkutanoni. Wangefumua koti moja tu wangejua, lakini hakuna hata mmoja aliyethubutu. Wewe ulicheka mpaka pini zikakudondoka. "Waache wabishane, kubisha kunawapa afya."

Kuna mtu mmoja tu uliyetaka kumwonyesha. Dada ana duka lake la ushonaji, na wote tunajua mkono wake ulivyo mwepesi. Asubuhi anapokea kitambaa, jioni mteja anavaa. Ulimwomba si mara moja: "Njoo ukae nami Jumamosi moja tu, nikuonyeshe mkono unavyoingia." Naye akakujibu, "Mama, mimi nina watu wanaosubiri nguo. Midoli yako haisikii baridi."

Ulicheka. Hicho ndicho kinachomtafuna. "Bora angenikasirikia," anasema. "Angenigombeza ningekuja."

Sasa koti. Ulikuwa ukimshonea yule mwanasesere mkongwe wa Mwalimu, wa kwanza kabisa, aliyekuja kwenye kopo. Sufu ya buluu, kola pana, bado bila bitana. Mkono mmoja ulikuwa umekwisha kuingia. Wa pili ulilala pembeni, umekatwa tayari. Sindano ilikuwa na uzi.

Wiki tatu baada ya kukuzika, Dada alikuja na kibweta chake, akaketi kwenye kiti chako. "Namalizia kazi ya Mama," akasema. Tulifurahi, tukamletea chai. Nani angemzuia? Na fundi akitaka kujua nguo imeshonwaje anafanya nini? Anaifumua. Amefumua suti, amefumua magauni ya harusi, na yote akayarudisha. Akasema atautoa mkono wa kwanza taratibu, aone ulivyopita, kisha aishone mikono yote miwili sawasawa.

Alitafuta fundo la uzi, hakulipata. Hukufunga fundo, Mama. Akaingiza ncha ya sindano chini ya alichodhani ni mshono wa mwisho, akainua kidogo. Uzi wote ukatoka kwa mvuto mmoja na mkono ukamdondokea mapajani. Hakuona kitu. Haikuchukua hata muda wa kupiga chafya.

Bado yalikuwapo matundu ya sindano yako. Aliliinua koti dirishani, akaona nukta za mwanga zimezunguka pale begani, akashusha pumzi. Angezifuata moja moja. Halafu mkono wake ukafanya kile unachofanya mara ishirini kwa siku dukani. Kitambaa kikishafumuliwa hupigwa pasi ya mvuke, kinyooke. Akapiga. Alipoliinua tena hapakuwa na nukta hata moja. Sufu ilikuwa imejifunga.

Nilikuwa mlangoni. Nilimsikia akisema polepole, "Inasahau." Basi.

Ameushona mkono ule mara kumi na tisa. Unakataa. Unasimama juu kama wa mwanafunzi anayejua jibu. Mara ya kwanza tulicheka wote, na yeye. Mara ya nane hakuna aliyecheka. Tukapima vidole gumba vya nyumba nzima, labda tutapata cha kwako. Cha Dada kirefu, changu kinene, cha mama mdogo kimepinda. Baba naye akaweka chake mezani, kipana kama koleo, akakitazama, akakirudisha mfukoni.

Siku ya tano baada ya pasi ile, Mwalimu akapiga hodi. Hakuingia. Alisimama mlangoni na mkoba wake kifuani.

"Mwanangu," akamwambia Dada, "nimekuja na ombi moja tu. Lile koti msilimalize. Tunalitaka hivyohivyo, na mkono wake mmoja. Halina bitana, kwa hiyo ndilo pekee duniani litakalotuonyesha alivyokuwa akifanya. Mmeligusa?"

"Hapana, Mwalimu," Dada akasema. "Liko vilevile."

Mwalimu akamshika mikono yote miwili. Hatukuwahi kumwona Mwalimu akilia kabla ya siku ile. "Mungu akubariki," akasema. "Niliogopa mtalifumua."

Mimi nilikuwa nyuma ya Dada. Baba alikuwa kwenye kiti. Uongo aliusema Dada, lakini tuliunyamazia sote.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yetu imekwenda karibu mwaka mzima. Mwalimu hupiga simu kila mwezi kuuliza hali ya koti, utadhani ni mgonjwa, na Dada hujibu, "Lipo, Mwalimu." Jumamosi hii chama chao kinafungua maonyesho ya kazi zako katika ukumbi wa maktaba. Nguo mia mbili na kumi na sita, Mama! Watu wanapanda ndege kuja kutazama nguo ndani nje. Na katikati ya ukumbi wameweka sanduku la kioo lililo tupu, lenye kikaratasi mbele yake: Koti la mwisho, mkono mmoja. Mwalimu alitupeleka kulitazama. Dada alisema anaumwa tumbo, akatoka nje.

Amekonda. Jumamosi hafungui duka. Anakuja kuketi hapa, zile Jumamosi ulizomwomba, na hakuna wa kumwonyesha.

Juzi Baba akaweka kikombe chini. "Mwambieni Mwalimu."

"Nitaanzia wapi, Baba?" Dada akauliza.

"Unaanza na mama yako, mwenye koti. Mtu uliyemkosea unamwomba radhi mwenyewe. Walio karibu watasikia."

Kwa hiyo tumenunua nafasi hii ya kumbukumbu gazetini, Mama, na ndiyo maana imekuwa ndefu kuliko za wenzetu. Mwalimu husoma gazeti kuanzia nyuma, kila asubuhi. Atakuwa anasoma sasa hivi, na kioo chake.

Shikamoo, Mwalimu. Koti limefumuliwa. Lilikuwa limeshafumuliwa siku ile uliyomshika Dada mikono.

Mama, tusamehe. Hatukukusudia. Dada alitaka kukumalizia kazi, akaifuta. Maji yakimwagika hayazoleki, hilo tunalijua, lakini tumekaa mwaka mzima tumeinama tunayazoa.

Kilichobaki ni ule uzi. Una urefu wa shibiri moja na nusu, na haujanyooka. Umeshika mikunjo ya kila mahali ulipopita, thelathini na minane kwa hesabu ya Dada. Njia yako yote imo humo. Hatuwezi kuisoma. Na kila tukiugusa unazidi kunyooka, kwa hiyo tumeulaza kwenye karatasi nyeupe, tumeufunika kwa bilauri, na hakuna anayeruhusiwa hata kuhema karibu yake. Jumamosi Dada ataubeba mwenyewe, pamoja na koti na mikono yake miwili, auweke mbele ya watu wote wale. Pengine Mwalimu ataona kitu. Pengine hataona, atatutazama tu. Hatujui, Mama. Hatujui la kufanya, na wewe ndiye tuliyekuwa tukikuuliza.

Unakumbukwa na mumeo, ambaye bado anakunja vitundikio. Unakumbukwa na binti yako mkubwa na mimi mdogo wake, na mama mdogo, na wajukuu wako watatu wanaouliza mbona meza ya Bibi haiguswi. Unakumbukwa na majirani waliosema umechanganyikiwa. Unakumbukwa na Mwalimu na wakusanyaji wote, kama baada ya leo watakubali kutajwa pamoja nasi. Kukusahau hatuwezi, hata tungetaka kupumzika.

Dada amesoma yote. Amesema hakuna uongo. Ameomba niongeze maneno yake mwenyewe, niyaandike kama alivyoyasema:

"Mama, mwanasesere wa Mwalimu bado hana koti. Nimemfunga leso yangu. Asubuhi kuna baridi."