Kidonge Chenye Kamera Kimemsafisha Baba Yenu

Afriyie na Boakye,

Supu ya mawese iko jikoni. Muhogo wa fufu pondeni wenyewe. Ya baba yenu msiitie chumvi.

Tumekwenda hospitali. Daktari alipiga simu alfajiri. Kile kidonge chenye kamera alichomeza baba yenu juzi kimepiga picha utumbo mwembamba wote, kule ambako ile mipira ya kamera waliyompitisha mdomoni na nyuma haikufika. Ini bovu limevimbisha vimishipa humo, na vinavuja. Ndiyo sababu damu ilikuwa inampungua miezi minane. Vinatibika, wanaanza leo.

Kwa hiyo hakuna cha gongo anayokunywa kwa kujificha ikamchoma tumbo. Ini nalo liliharibiwa na virusi, daktari amethibitisha, kama baba yenu alivyosema siku zote. Hata mimi nilikuwa nanusa kikombe chake akilala. Leo nimemwambia. Akacheka: "Si ungeonja tu, ni chai."

~~Shangazi Serwaa akija msimfungulie.~~ Mfungulieni. Mpeni kiti na maji, mngojeni amalize kunywa, ndipo mumsomee karatasi hii yote, polepole. Yeye ndiye aliyemtangaza kaka yake mlevi mpaka kanisani, na wiki iliyopita akaja kutupima nguo nyeusi za msiba, baba yenu amekaa pale pale anamsikia.

Mwambieni marehemu anamsalimu. Kitambaa cheusi akirudishe dukani, alete cheupe cha furaha. Jumapili tunatoa shukrani kanisani, na yeye nimemwekea kiti cha mbele.

Mama yenu